Mpira wa Katikati: Majibu kwa Wenza wa Wavu wa Ufukweni Mkoani Singida

Barua zinazoifikia safu hii wakati wa kiangazi kwa kawaida huhusu mahari, mipaka ya mashamba ya alizeti na wapangaji wasiochangia umeme. Lakini msimu wa michezo unapokaribia kufungwa, kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaugeuza mchanga kuwa tope, malalamiko ya aina moja huyapita mengine yote kwa wingi, nayo ni ya wachezaji wa mpira wa wavu wa ufukweni dhidi ya wenza wao. Mchezo huo ni tawi la mpira wa wavu uliobuniwa na William G. Morgan mjini Holyoke, Marekani, mwaka 1895; tawi lenyewe lilichipuka kwenye fukwe za Santa Monica, California, katika miaka ya 1920, na kufikia mwaka 1930 wachezaji wa huko walikuwa wamekwisha kuzipunguza timu kutoka watu sita hadi wawili. Barua zote zinazojibiwa hapa zina asili yake katika punguzo hilo, kwa kuwa katika timu ya watu sita lawama huweza kuzungushwa hadi ikachoka, ilhali katika timu ya wawili kila mtu anajua ilikolala.

Msomaji asiyeufahamu mchezo anahitaji mambo machache tu. Uwanja una urefu wa mita 16 na upana wa mita 8, na kila upande una wachezaji wawili wasio na wa akiba, hivi kwamba mmoja akiumia na kushindwa kuendelea, timu nzima huhesabiwa kuwa haijatimia na hupoteza mechi. Timu huruhusiwa kuugusa mpira mara tatu kabla ya kuurudisha, na tofauti na mchezo wa ndani ya ukumbi, mguso wa yule anayezuia juu ya wavu nao huhesabiwa miongoni mwa mitatu hiyo. Seti mbili za kwanza huchezwa hadi pointi 21 na ya tatu, ikihitajika, hadi 15, kwa sharti kwamba mshindi awe mbele kwa pointi mbili. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi kanuni za kimataifa zilimkataza kocha kuwaelekeza wachezaji wakati mechi ikiendelea, jambo lililowaacha wawili hao peke yao na jua, mchanga na maoni ya kila mmoja kuhusu mwenzake.

Mwenye Haya, Mandewa

Msomaji huyu anaeleza kwamba majirani humcheka kwa kucheza mchezo wa ufukweni katika mkoa usio na bahari, na kwamba mwenza wake, kwa kukwepa aibu, huwaambia jamaa zake wa Dar es Salaam kuwa mashindano ya kufunga msimu hufanyika Tanga. Mwenza huyo anadanganya pasipo haja. Ni kweli kwamba mji wa Singida uko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, lakini una maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, ambayo heroe na mwari wameyakubali kuwa ufukwe bila kuomba kibali cha mtu yeyote. Rwanda, nchi isiyogusa bahari popote, iliandaa mashindano ya mfululizo wa dunia mwaka 2019 huko Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, na katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022 mjini Birmingham wanaume wake wawili, Olivier Ntagengwa na Venuste Gatsinzi, walifika hadi mechi ya kuwania nishani ya shaba, ambako waliangushwa na ndugu wawili wa Uingereza. Uswisi, ambayo nayo imezungukwa na nchi kavu pande zote, imetwaa shaba ya Olimpiki mwaka 2004, mwaka 2021 na mwaka 2024. Mwaka 2012 mjini London uwanja ulijengwa mahali ambapo askari wa farasi hufanyia gwaride, na mwaka 2024 mjini Paris ulijengwa chini ya mnara wa Eiffel. Kote huko mchanga uliletwa kwa malori.

Malori hayo ndiyo yanayopaswa kumtia haya msomaji wa Mandewa, si umbali wa bahari. Kanuni zinadai mchanga wa chembe laini zisizoshikamana, wenye kina cha sentimita 40 au zaidi, na ukingo wa ziwa la chumvi haukidhi sharti hilo, kwa kuwa maji yanapokauka huacha gamba gumu juu na tope chini. Uwanja ukiongezewa nafasi huru ya mita 3 kila upande, eneo lote huwa mita 22 kwa 14, sawa na mita za mraba 308, ambazo kwa kina kilichotajwa zinahitaji takriban mita za ujazo 123 za mchanga. Na ikiwa tipa moja hubeba mita za ujazo 5, kamati ya maandalizi italazimika kulipia safari zipatazo 25 kutoka kwenye makorongo ya mito ya msimu. Kamati nyingi huleta safari nne na kuutandaza mchanga kwa matumaini. Mchezaji anayejirusha kuokoa mpira juu ya matumaini hayo huugundua udongo halisi wa Singida kwa kiwiko chake, na hapo ndipo penye hoja ya kuwapelekea viongozi, badala ya kubishana na majirani kuhusu jiografia.

Mpwa Mwenye Adabu, Misuna

Hii ndiyo barua iliyochukua nafasi kubwa zaidi katika kikao cha safu, na inastahili. Mwandishi wake ni kijana anayecheza na mjomba wake, ndugu wa mama yake, ambaye ndiye aliyemlipia karo na ambaye kijana humheshimu kupita kiasi. Tatizo lao ni mpira wa katikati, yaani ule unaoanzishwa na wapinzani ukaangukia kwenye mstari usioonekana unaozigawa zile mita 8 katika nusu mbili za mita 4. Mjomba huuangalia, mpwa huuangalia, mpira unatua, na baada ya hapo mjomba humwangalia mpwa. Nchini Marekani wachezaji wana jina la mpira wa namna hiyo: huuita mpira wa mume na mke, kwa maana kwamba kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayeshughulika. Wanaoanzisha mpira kwa akili huulenga mstari huo makusudi, hasa wakigundua kwamba upande wa pili kuna watu wanaoheshimiana.

Tiba ya kitaalamu ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mgawanyo wa eneo, ambao hupaswa kukubaliwa kabla ya mechi, na kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mpira wa katikati ni wa yule aliye mshazari na anayeuanzisha, kwa kuwa mpira unasafiri kumwelekea yeye na mwili wake umekwisha kuukabili, ilhali mwenzake aliye mkabala na mwanzishaji angelazimika kuukimbiza ukimkwepa. Kwa hiyo mwenye mpira huo hubadilika kulingana na mahali mwanzishaji aliposimama, na umri wa wapokeaji hauhusiki. Sehemu ya pili ni tamko. Mmoja wao lazima aseme "wangu" kwa sauti, na aseme mapema, ikiwezekana kabla mpira haujavuka wavu, kwa kuwa mpira wa sevisi huchukua muda mfupi sana kufika.

Hapo ndipo elimu ya michezo inapogongana na malezi. Kijana anaeleza kwamba hawezi kumpigia mjomba wake kelele ya "wangu" mbele ya watu, tena kwa kitu ambacho mjomba naye anakitaka, na kwamba amejaribu kutumia tamko refu lenye staha, yaani "niachie huo, mjomba, samahani," ambalo hukamilika wakati mwamuzi amekwisha kupuliza filimbi. Safu imeipima hoja hii kwa uzito wake na kuona kwamba staha haihitaji kufutwa, bali inahitaji kuhamishwa muda. Shikamoo itolewe kabla ya mechi, ruhusa ya jumla iombwe mara moja mbele ya shangazi kama shahidi, na mjomba atamke kwa kinywa chake kwamba kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho neno "wangu" si utovu wa adabu bali ni taarifa. Mjomba naye anapaswa kufahamishwa kwamba ukimya wake una gharama, kwani mkubwa anayengoja kuachiwa mpira kwa heshima ya umri wake ataachiwa yote, pamoja na ile aliyokuwa hawezi kuifikia. Lililobaki ni kumshauri mpwa kwamba, mjomba akimwangalia baada ya mpira kutua, asimjibu kwa macho; atazame mchanga, aurekebishe kwa mguu kana kwamba ndio wenye makosa, kisha arudi mahali pake.

Aliyechoshwa, Ikungi

Mwalimu huyu wa shule ya msingi anacheza na mwalimu mwenzake ambaye ni mrefu na hodari zaidi, na analalamika kwamba wapinzani humwanzishia yeye karibu kila mpira, huku mwenza wake akisimama mikono kiunoni na kumlaumu kwa uchovu. Wapinzani hawamwonei, wanafuata hesabu. Katika timu ya wawili anayepokea mpira wa kwanza ndiye, kwa lazima ya mpangilio, atakayeshambulia, kwa sababu mguso wa pili ni wa mwenzake anayemwinulia, na hivyo kumwanzishia aliye dhaifu ni kumlazimisha apokee, akimbilie wavu, aruke, apige, kisha arudi nyuma kulinda, kazi ambayo ikirudiwa kwenye mchanga wa kiangazi humaliza miguu kabla ya seti ya pili kuisha. Aliye hodari hubaki mwinuaji, na uhodari wake unageuka kuwa pambo.

Njia ya kwanza ya kuvunja hesabu hiyo ni mwenza mrefu kusogea na kuchukua eneo kubwa zaidi la kupokelea, hata mita 5 kati ya 8. Njia ya pili, ambayo huwashtua wapinzani, ni yeye kushambulia katika mguso wa pili badala ya kuinua, mradi pasi ya kwanza iwe imemfikia karibu na wavu. Lakini akumbuke kwamba katika mchezo huu hairuhusiwi kuudokoa mpira kwa ncha za vidole vilivyofunguka, kama wafanyavyo watu ukumbini, bali hutumika vifundo vya vidole au kiganja kigumu. Njia ya tatu ni mikono kutoka kiunoni.

Mpinga Upepo, Mungumaji

Swali ni la kiufundi: mwenza wa msomaji huyu akishinda kura ya shilingi huchagua mpira daima, kwa imani aliyotoka nayo kwenye soka la mtaani kwamba mwenye mpira ndiye mwenye mamlaka. Katika mkoa mwingine kosa hilo lingeweza kusamehewa. Singida, hata hivyo, ni mkoa ambao wataalamu wa nishati wamekuwa wakiutaja kwa miaka mingi miongoni mwa maeneo bora nchini kwa kufua umeme wa upepo, na mpira wa ufukweni ni mkubwa kidogo kuliko wa ukumbini na hujazwa hewa pungufu kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo upepo huubeba utakavyo. Mshindi wa kura huchagua ama kuanzisha au kupokea, ama upande wa uwanja, na aliyeshindwa huchukua kilichobaki. Mchana wa upepo, upande ni mali kuliko mpira.

Upande upi ni suala linalowapotosha wengi, kwa kuwa akili ya kawaida humwambia mtu ausukume mpira kule upepo unakokwenda. Uzoefu wa wachezaji unaonyesha kinyume: anayeukabili upepo anaweza kupiga kwa nguvu zake zote na mpira bado ukashuka ndani ya mistari, ilhali anayepewa kisogo na upepo huona sevisi zake nzuri zikitua kwa watazamaji. Waliotunga kanuni walilijua hilo, ndiyo maana timu hubadilishana pande kila jumla ya pointi inapofikia 7 na zidisho zake, na kila 5 katika seti ya tatu. Kwa hiyo lawama za kuchagua upande mbaya zina muda maalumu wa kuishi, na msomaji anashauriwa kuzibana hadi pointi ya saba, zinapokosa maana.

Mume na Mke, Utemini

Wanauliza wavu ufungwe kimo gani wakicheza pamoja. Wavu wa wanaume una mita 2.43 na wa wanawake mita 2.24, tofauti ya sentimita 19, na kwa kuwa Olimpiki haina mashindano ya jozi mchanganyiko katika mchezo huu, uamuzi ni wa waandaaji wa bonanza. Suala la nani atapika jioni baada ya kufungwa limehamishiwa kwenye dawati la ndoa.

Shangazi wa Mchezaji, Majengo

Mama huyu aliketi nyuma ya uwanja na kumwona mwenza wa binti wa kaka yake akimwonyesha binti huyo vidole kwa siri nyuma ya mgongo, mara kimoja, mara viwili, mara ngumi, na anataka kujua kama ni lugha ya matusi au ya mapenzi. Si ya lolote kati ya hayo. Aliye karibu na wavu hutumia ishara hizo kumjulisha aliye nyuma namna atakavyozuia: kidole kimoja humaanisha kwamba atauziba mstari wa pembeni, viwili kwamba ataiziba njia ya mshazari, na ngumi kwamba hatazuia, bali atarudi nyuma kusaidia kulinda, huku mkono wa kushoto ukimhusu mshambuliaji wa kushoto na wa kulia yule wa kulia. Faida yake ni kwamba mlinzi anaelewa ni sehemu gani ya uwanja imeachwa wazi, akaielekea. Shangazi ana haki ya kuuliza, ila anaombwa asiwatafsirie watazamaji wengine ishara hizo kwa sauti, maana wapinzani nao wana masikio.

Mtafuta Mrefu, Kiomboi

Mashindano yakiwa yamekaribia, msomaji huyu anataka kumwacha mwenza wake wa msimu mzima, ambaye ni mfupi, na kumchukua kijana mrefu aliyerejea likizo kutoka chuoni. Anauliza kama ni halali. Kabla ya kujiandikisha ni halali. Baada ya hapo timu ni watu wale wale wawili hadi mwisho. Busara ya jambo ni suala jingine. Wamarekani Misty May-Treanor na Kerri Walsh Jennings walitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2004, 2008 na 2012, wakicheza mechi 21 bila kushindwa hata moja na kupoteza seti moja tu, na May-Treanor, aliyekuwa mfupi wa wawili hao, ndiye aliyelinda nyuma huku mrefu akizuia. Mfupi katika mchezo huu ana kazi, na mara nyingi ndiye mwenye kazi.

Karibu zaidi na nyumbani, Wakenya Gaudencia Makokha na Brackcides Agala waliingia kwenye historia kwa kuwa jozi ya kwanza ya nchi hiyo kucheza wavu wa ufukweni katika Olimpiki, kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Agala alikuwa amekwisha kuichezea timu ya taifa ya ukumbini, na huko Tokyo walipangwa na Brazil, Marekani na Latvia, wakapoteza mechi zote tatu. Mtafuta Mrefu angeitazama rekodi hiyo na kuagiza mwenza mpya kwa simu. Lakini kilichowafikisha Tokyo ni kufuzu pamoja kupitia mashindano ya Afrika, na hakuna urefu unaonunuliwa dakika za mwisho ambao ungewapa mazoea ya kujua mwenzao atasogea wapi mpira ukigusa wavu. Kijana wa chuo atahitaji kujifunza ni nani anayesema "wangu", ishara zipi zina maana gani na jinsi msomaji huyu anavyonuna akikosea sevisi. Masomo mawili ya kwanza yanaweza kumalizika kwa wiki moja, la tatu halina mtaala. Akitaka kumwacha mwenza wake, amwache mvua zikianza, na amwambie mwenyewe ana kwa ana, si kwa kumwondoa kwenye kundi la simu.

Mwenye Nusu ya Mbuzi, Puma

Mwaka uliopita msomaji huyu na mwenza wake walishinda mashindano ya kufunga msimu na kupewa mbuzi jike, ambaye kwa makubaliano ya mdomo alikwenda kuishi kwa mwenza. Mbuzi amezaa mtoto mmoja. Mwenza anasema mtoto ni wake kwa kuwa yeye ndiye aliyechunga. Msomaji anasema mtoto ni wa timu. Na sasa hawasemezani, jambo ambalo, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa kuhusu mpira wa katikati, litawagharimu zaidi ya mbuzi wote wawili.

Kanuni za mchezo, zinazoeleza hadi upana wa mistari kuwa sentimita 5, hazisemi neno kuhusu uzao wa zawadi, hivyo inabidi kuegemea desturi ya kuwekesha mifugo, inayojulikana kwa wafugaji wengi wa kanda ya kati, ambayo mwenye mnyama humkabidhi mtu mwingine amtunze. Kwa kawaida ya desturi hiyo mtunzaji hunufaika na maziwa na samadi, naye anaweza kupewa mtoto mmoja wapo kama shukrani baada ya kuzaliwa kadhaa, lakini shukrani hutolewa na mwenye mali, mtunzaji hajipi mwenyewe. Ugumu wa shauri hili ni kwamba mtunzaji ni nusu ya mwenye mali, kwa hiyo anaweza kujishukuru kwa nusu yake tu. Uamuzi wa safu ni kwamba mama na mtoto ni mali ya timu. Maziwa na samadi ni ya mwenza hadi siku ya fainali. Baada ya fainali mbuzi wote wahamie kwa msomaji kwa muda ule ule waliokaa kwa mwenza, hata kama msomaji hana banda, kwani hilo alipaswa kulifikiria alipokuwa akidai haki. Timu ikitwaa ubingwa tena mwaka huu, waandaaji waombwe kwa maandishi kutoa mbuzi wawili, au fedha taslimu zinazogawanyika kwa mbili.